Waya wa kiloomu 16.6: elektroni zilikwama au zilisukumana?

Sentensi iliyozua kisa hiki ilikuwa katikati ya rasimu ya tasnifu ya uzamili. Mwanafunzi wangu, binti wa Lamu aliyekuja Nairobi kusomea fizikia, aliandika hivi: "Ukinzani wa waya ni kiloomu 16.6. Kiwango hiki kimepita kiloomu 12.9, kwa hiyo elektroni za waya huu zimekwama." (Kiloomu ni omu elfu moja, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme.) Tahajia haikuwa na dosari, namba 12.9 ni ya kweli, na 16.6 ilipimwa kwa uangalifu. Hitimisho ndilo lililokosea. Nami msimamizi wake nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo mara mbili na kuitia alama ya vema pembeni, hadi siku tulipoikalia mezani sote wawili na karatasi zote za vipimo.

Nakisimulia kisa kizima kwa idhini yake. Kosa lenyewe si la mtu mmoja. Nimelikuta tena na tena kwa wanafunzi wanaoingia katika uwanja huu, nami sasa naamini hutokana na jinsi tunavyoifundisha ile namba.

Kwanza waya wenyewe. Usifikirie uzi wa shaba. Ukichukua kipande cha galiamu aseniki, semikondakta inayotumika katika vifaa vingi vya mawasiliano, ukaifunika kwa tabaka la galiamu aseniki yenye alumini ndani yake, elektroni hukusanyika kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili kama utando. Juu yake huwekwa vipande viwili vya metali vinavyoachiana nafasi, tunaviita mageti. Ukivipa volteji hasi, elektroni zilizo chini yake hufukuzwa, na kinachobaki ni mkondo mwembamba katikati. Njia hii ya kubana utando kwa mageti ilionyeshwa na Thornton na wenzake wa Cambridge mwaka 1986; miaka michache kabla yake watu walikuwa wakijaribu mambo kama hayo kwenye silikoni. Waya wetu ulikuwa na upana wa nusu mikromita na urefu wa mikromita 20. Unywele mmoja wa kichwani ungefunika zaidi ya nyaya mia moja kama huo zikipangwa ubavu kwa ubavu.

Elektroni ndani ya waya huo ni mawimbi yenye urefu wa nanomita 46 hivi. Katika upana wa nusu mikromita mawimbi hayo hupangika katika njia 21 tu. Kila elektroni husafiri wastani wa nusu mikromita kabla ya kugonga kasoro fulani, kwa kawaida chembe ya uchafu, na kupotoshwa. Namba hizi nne, yaani upana, urefu, njia na mwendo kabla ya kugonga, zitarudi mara kwa mara.

Vipimo havikufanyika Nairobi. Hapa naitrojeni ya kimiminika tunaipata bila shida kubwa. Ni ileile inayohifadhi mbegu za mafahali kwa ajili ya wafugaji, na mtungi wetu wa maabara hujazwa mahali pamoja na mitungi ya madaktari wa ng'ombe. Lakini naitrojeni hukupa kelvini 77, yaani digrii 77 juu ya baridi ya mwisho kabisa, sifuri ya kelvini. Mambo tunayoyatafuta huanza kuonekana vizuri karibu na kelvini 1, na huko ni heliamu pekee inayofika. Basi sampuli ilipozwa katika maabara ya washirika wetu ng'ambo, na data ikaja kwa barua pepe. Uchambuzi ndio uliofanyika hapa, na kwa hakika uchambuzi ndio uliobeba uzito wa kazi.

Data ilisema hivi: kwa kelvini 1.2 ukinzani ulikuwa kiloomu 16.6. Waya ulipozidi kupozwa, ukinzani ulipanda hadi kiloomu 17.4 katika kelvini 0.5, halafu ukalala, ukabaki hapohapo hadi kelvini 0.3. Waya wa shaba wa nyumbani hufanya kinyume, ukiupoza ukinzani hushuka. Kwa hiyo palikuwa na jambo la kuelezwa, na mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kulifikiria jina kubwa kuliko yote katika uwanja huu.

Mwaka 1958 Philip Anderson, akiwa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha kwamba katika maada yenye vurugu za kutosha, wimbi la elektroni linaweza kushindwa kabisa kusambaa. Hatuzungumzii kwenda polepole. Wimbi hubaki mahali pake, likififia kadiri unavyosogea mbali na kitovu chake. Miaka 19 baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel na Nevill Mott na John Van Vleck. Mwaka huohuo wa 1977, David Thouless alilileta wazo hilo kwenye nyaya nyembamba, akasema jambo lililowashangaza wengi: hata waya wa metali, ukiwa mrefu kiasi kwamba ukinzani wake unapita takriban kiloomu 10, elektroni zake zitakwama katika sifuri ya kelvini. Kutoka hapo, kila ukiurefusha waya kwa hatua ileile, ukinzani huzidishwa badala ya kuongezwa. Wengi huandika kiloomu 12.9 mahali pa 10, kwa sababu hiyo ni nusu ya 25.8, namba inayopatikana ukigawanya namba ya Planck kwa mraba wa chaji ya elektroni.

(Namba hiyohiyo 12.9 huwakanganya watu kwa sababu inaonekana pia mahali pengine kabisa. Mwaka 1988 kundi la van Wees huko Uholanzi na kundi la Wharam huko Uingereza waliubana utando wa elektroni kwenye pengo fupi na safi, wakaona upitishaji, yaani kinyume cha ukinzani, ukipanda ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa njia moja ya kiloomu 12.9. Huko hakuna aliyekwama. Namba ni moja, habari ni mbili.)

Turudi mezani. Nilimuuliza, "Thouless alisema ukinzani wa nini?"

"Wa waya, Mwalimu."

"Katika halijoto gani?"

Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu. Jibu lilikuwa katika rasimu yake mwenyewe, kurasa kumi nyuma: sifuri ya kelvini. Katika sifuri, wimbi la elektroni hukumbuka awamu yake, yaani mahali lilipofika katika kupanda na kushuka kwake, kutoka mwanzo wa waya hadi mwisho. Katika halijoto ya kweli hukumbuka kwa umbali fulani tu, kisha migongano na elektroni nyingine huivuruga awamu hiyo na wimbi huanza upya kama mgeni. Umbali huo nitauita umbali wa kumbukumbu. Kukwama kwa Anderson ni tukio la mawimbi yanayokutana na kukumbukana. Pale kumbukumbu inapokatika, kukwama nako kunakatika.

Kwa hiyo ukinzani unaopaswa kulinganishwa na kiloomu 12.9 ni wa kipande chenye urefu wa kumbukumbu. Waya mzima haumo katika ulinganisho huo. Kanuni ya Altshuler, Aronov na Khmelnitsky ya mwaka 1982, ukiitia namba za waya wetu, inatoa umbali wa kumbukumbu wa mikromita 1.3 hivi kwa kelvini 1. Mikromita 20 gawanya kwa 1.3 ni vipande 15. Kiloomu 16.6 zikigawanywa kwa 15, kila kipande kina kiloomu 1 na kidogo. Hiyo iko mbali sana chini ya kikomo. Waya wetu ulikuwa msururu wa vipande 15 vinavyopitisha umeme vizuri, vilivyounganishwa kichwa kwa mkia, kila kimoja kikisahau kilichotokea katika cha nyuma yake.

Alielewa mara moja, na swali lake la kufuata lilikuwa bora kuliko maelezo yangu: "Kwa hiyo ningekuwa na waya kama huu wenye urefu wa mita nzima, ungefika mamilioni ya omu, na bado elektroni zisingekuwa zimekwama?" Ndivyo. Ungekuwa waya mrefu tu.

Sentensi ya tasnifu ilikatwa hapo. Lakini kuikata si kueleza. Ukinzani bado ulikuwa umepanda waya ulipopoa, na kupanda kulikuwa halisi. Kama elektroni hazikukwama, nini kiliuzuia umeme?

Washukiwa ni wawili, na ugumu wote wa kisa ni kwamba wanafanana sura.

Wa kwanza ni ndugu mdogo wa kukwama, anaitwa ukwamo dhaifu. Mfano nilioutumia ni huu. Watu wawili wanatoka mlango wa Soko la City upande wa Muindi Mbingu. Mmoja anashika kushoto, mwingine kulia, wanazunguka jengo lilelile kupitia upande wa Koinange, kila mmoja akipita kwenye mashimo, vibanda na umati uleule, ila kwa mpangilio wa kinyume. Wanarudi mlangoni kwa wakati mmoja, daima. Barabara hata iwe na vurugu kiasi gani, mmoja hawezi kuchelewa kuliko mwenzake, kwa sababu vikwazo vyao ni vilevile. Sasa weka badala ya watu hao nusu mbili za wimbi la elektroni moja. Zinarudi zilikoanzia zikiwa na awamu sawa, zinaungana, na uwezekano wa elektroni kujikuta imerudi pale ilipotoka unakuwa mara mbili ya vile ungetarajia. Kinachorudi nyuma hakiendi mbele. Upitishaji hupungua. Kadiri waya unavyopoa, umbali wa kumbukumbu hurefuka, mizunguko mikubwa zaidi huingia hesabuni, na upitishaji huzidi kupungua.

Jambo hili linahusu elektroni moja na vurugu za njia yake. Hata elektroni nyingine zote zingetoweka lingebaki, mradi kumbukumbu ipo.

Mshukiwa wa pili ni kusukumana. Elektroni zina chaji hasi na huchukiana. Katika metali safi chuki hiyo hufunikwa upesi: elektroni moja ikisogea, nyingine hupisha. Lakini ndani ya waya wenye vurugu, elektroni haziruki moja kwa moja, hutangatanga. Kupisha kunachelewa. Mbili zilizokutana hukutana tena na tena kabla ya kuachana, na kila mara zikiwa bado na kumbukumbu ya vikwazo vilevile. Matokeo yake ni kwamba nafasi za nishati ambazo elektroni zingetumia kusafiri hupungua hasa pale zinapohitajika. Hili lilionyeshwa na Altshuler na Aronov mwaka 1979, mwaka uleule ambao Abrahams, Anderson, Licciardello na Ramakrishnan walitoa nadharia yao mashuhuri ya kukwama bila kusukumana. Nadharia mbili, mwaka mmoja, na zote zinatabiri upitishaji kushuka katika baridi. Unaona kwa nini majaribio ya miaka iliyofuata yalikuwa na ubishi.

Elektroni mbili zenye tofauti ya nishati inayotokana na joto huenda pamoja kwa awamu moja kwa muda ambao katika kelvini 1 ni pikosekunde 7.6. Katika waya wetu, wakati huo unatosha kutangatanga mikromita 0.7. Urefu huo ndio unaotawala athari ya kusukumana, nao hurefuka polepole waya unapopoa.

Tofauti ipo kwenye kasi. Halijoto ikishuka mara nne, kwa mfano kutoka 1.2 hadi 0.3, sehemu ya kusukumana hukua mara 2. Sehemu ya ukwamo dhaifu katika waya kama huu hukua mara 1.6. Kwa karatasi unaweza kusema hizo ni kanuni mbili tofauti. Jaribu kuzitenganisha kwenye mchoro wa nukta nane zenye makosa yake ya upimaji, huku zote mbili zikiwa zimejumlishwa pamoja, na utaona kwamba kipimajoto peke yake hakiwezi. Mwanafunzi wangu alijaribu jioni nzima. Mstari wa nadharia ya kwanza ulipita vizuri kwenye nukta zake. Mstari wa nadharia ya pili nao ulipita vizuri.

Kinachozitenganisha ni sumaku ndogo.

Wale watu wawili wa Soko la City walirudi pamoja kwa sababu barabara haikujali mwelekeo wao. Uga sumaku unajali. Nusu ya wimbi inayozunguka kwa mkono wa kulia hupata awamu ya ziada, ya kushoto hupungukiwa kwa kiasi hichohicho, na zikikutana hazilingani tena. Kila mzunguko una ukubwa wake, hivyo tofauti zao hufutana na kurudi nyuma kwa ziada hakupo. Kwa waya wetu hesabu inasema jambo hilo huanza kwenye militesla 1 hadi 2. Uga wa dunia hapa Nairobi ni mikrotesla 33 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kama mara hamsini yake. Sumaku ya kubandika kwenye mlango wa friji inaushinda ukiigusa. Kusukumana, kwa upande wake, hakujali uga mdogo kama huo. Ili kuathiri kusukumana kupitia spini, yaani mzunguko wa ndani wa elektroni, katika galiamu aseniki yenye kelvini 1 unahitaji tesla 3 na zaidi.

Kwa hiyo jaribio ni la wazi: pima ukinzani dhidi ya halijoto bila uga, kisha upime tena ukiwa umeweka militesla 20. Kitakachotoweka ni cha ukwamo dhaifu. Kitakachobaki ni cha kusukumana.

Tuliwaandikia washirika wetu. Data mpya ilipokuja, ilikuja na fumbo la ziada ambalo nusura lituharibie kazi. Walikuwa wameupandisha uga kidogo kidogo, na mstari wa upitishaji haukupanda laini. Ulikuwa na vilima na mabonde yasiyo na mpangilio, kila kimoja nusu mikrosimensi hivi (simensi ni kipimo cha upitishaji), karibu sawa na vitu tulivyotaka kuvipima. Mwanafunzi wangu alisema ni kelele za kifaa, tuzilainishe kwa programu.

Nilimwomba achapishe mistari miwili ya upitishaji dhidi ya uga, iliyopimwa siku tofauti, kila mmoja kwenye karatasi yake, kwa kipimo kimoja. Tulikwenda dirishani. Aliweka karatasi moja juu ya nyingine akaziegemeza kwenye kioo, jua la saa tatu asubuhi likipita nyuma yake. Kilima kilikaa juu ya kilima, bonde juu ya bonde, hata kile kijino kidogo karibu na militesla 11 kilikuwa mahali pake katika karatasi zote mbili. Kisha akaigeuza moja, uga hasi ukawa mahali pa uga chanya, na bado zililingana. Kelele haifanyi hivyo. Kelele haina kumbukumbu ya jana.

Hiyo ilikuwa alama ya kidole ya waya. Lee na Stone, na Altshuler kwa upande wake, walieleza mwaka 1985 kwamba kila sampuli ina mpangilio wake wa chembe za uchafu, na mawimbi yanayopita kati yake hukutana kwa namna ya pekee. Uga ukibadilika, namna hiyo hubadilika, lakini hurudia kila ukirudi kwenye uga uleule. Ukiuacha waya upate joto la chumba kisha ukaupoza tena, uchafu hujipanga upya kidogo na alama inakuwa nyingine. Kulainisha kwa programu kungeficha jambo la kweli na kutuachia upotofu usiojulikana ukubwa wake. Njia ya haki ni kupima sampuli nyingi zinazofanana, au kuubadilisha kidogo tu upana kwa volteji ya geti, kila mara alama ibadilike, halafu kuchukua wastani. Tulichagua geti, volteji tisa zilizokaribiana. Alama zilifutana hadi theluthi ya ukubwa wake, na umbo tulilolitafuta likajitokeza.

Bado ulibaki ule mlalo chini ya kelvini 0.5. Hapa palikuwa na kishawishi kikubwa kuliko vyote. Mwaka 1997 Mohanty, Jariwala na Webb waliripoti nyaya za dhahabu ambazo umbali wake wa kumbukumbu uliacha kurefuka katika baridi kali, na ukazuka mjadala mzito kuhusu kama kumbukumbu ya elektroni ina kikomo hata katika sifuri. Rasimu ilikuwa na aya mbili zenye hamasa zinazouweka waya wetu katika mjadala huo. Naielewa hamasa hiyo. Ukiwa Nairobi, na data yako imetoka mbali, unatamani iwe na la kusema katika swali kubwa.

Lakini kabla ya kuuliza kama kumbukumbu ina kikomo, uliza kama elektroni zilikuwa baridi. Mkondo wa umeme wa kupimia ulikuwa nanoampea 10. Zidisha kwa kiloomu 17.4, unapata mikrovolti 174 kati ya ncha mbili za waya. Katika kelvini 0.3 nishati ya joto ya elektroni ni sawa na mikrovolti 26. Tulikuwa tunazisukuma kwa karibu mara saba ya nishati yake ya joto. Katika baridi hiyo elektroni hushindwa kuipa kristali joto lake upesi. Hugawana zenyewe kwa zenyewe, na lililobaki hutokea kwenye ncha. Hesabu ya hali hiyo inaipa katikati ya waya karibu kelvini 0.6, huku kipimajoto kilichofungwa kwenye shaba ya nje kikisoma 0.3 bila kusema uongo wowote. Mstari ulilala kwa sababu elektroni zilikuwa zimeacha kupoa.

Tuliomba vipimo virudiwe kwa nanoampea 1. Nataka kuwashukuru wenzetu wale. Hakuna anayefurahia kurudia wiki mbili za kazi ya heliamu kwa sababu ya barua kutoka kwa mtu asiyeigusa mashine. Walirudia.

Mlalo ulitoweka. Bila uga, ukinzani ulipanda kutoka kiloomu 16.6 katika kelvini 1.2 hadi 18.0 katika kelvini 0.3. Ukiwa na militesla 20, ulipanda kutoka 15.5 hadi 15.9 tu. Kwa lugha ya upitishaji: bila uga ulishuka mikrosimensi 4.7, na kwa uga ulishuka mikrosimensi 1.6. Tatu hivi ziliondoka na sumaku. Ile 1.6 haikutikisika, nayo ilipochorwa dhidi ya kinyume cha kipeuo cha pili cha halijoto, nukta zilikaa kwenye mstari mnyoofu kama nadharia ya kusukumana inavyotaka. Zaidi ya theluthi ya kile tulichokuwa tunakiita kukwama hakikuwa kukwama hata kwa jina la dhaifu.

Umbo la mstari wa uga lilitupa pia umbali wa kumbukumbu, sasa kwa kipimo na si kwa makisio: mikromita 1.3 katika kelvini 1.2, na mikromita 2.0 katika kelvini 0.3. Hata huko chini kipande kimoja cha kumbukumbu kilikuwa na kiloomu 1.8.

Mwanafunzi wangu alitaka kufunga sura kwa kusema athari mbili zimetenganishwa. Hapa tulibishana kidogo, na nadhani ubishi huu ndio kiini cha kisa. Sumaku inatenganisha michango miwili ya ukinzani, hilo ni kweli. Haitenganishi visababishi. Ni nini kinachovunja kumbukumbu ya awamu katika waya huu chini ya kelvini 1? Mitetemo ya kristali imeshapoa, imenyamaza. Kinachobaki ni elektroni nyingine: msukosuko wa umeme unaotokana na wao kwa wao kutangatanga. Ndiyo maana umbali wa kumbukumbu ulirefuka karibu mara 1.6 halijoto iliposhuka mara nne, kama kanuni ya mwaka 1982 inavyosema. Kusukumana huongeza ukinzani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine hukata mizunguko inayoleta ukwamo dhaifu. Hivyo ule ukwamo dhaifu, jambo la elektroni iliyo peke yake, una ukubwa uliopangwa na wenzake. Sura haiwezi kusema vimetenganishwa. Inaweza kusema kila mchango umepimwa, na kwamba mmoja ndio unaomwekea mwenzake mpaka. Aliandika hivyo, kwa maneno yake, vizuri kuliko mimi hapa.

Kisha akauliza lile ambalo lilistahili kuulizwa tangu mwanzo: ni waya gani basi ambao elektroni zake zingekwama kweli, nasi tukaona?

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuubana. Upana ukiwa mikromita 0.1, njia zinabaki 4 tu. Zidisha kwa mwendo wa nusu mikromita kabla ya kugonga, unapata umbali wa kukwama, yaani urefu wa sehemu ambamo wimbi hubaki limekwama, wa mikromita 2 hivi. Mikromita 2 ndiyo kumbukumbu tuliyoipima katika kelvini 0.3. Ilionekana kama tumefika. Alikuwa ameshaanza kuandika barua alipoiacha, akageuza karatasi na kuhesabu upande wa nyuma. Waya uliobanwa una ukinzani mkubwa zaidi kwa kila mikromita, msukosuko wa elektroni ndani yake ni mkali zaidi, na kumbukumbu nayo inafupika: mikromita 1.2 badala ya 2. Kukwama kunasogea karibu, kumbukumbu inarudi nyuma. Ili ziwe sawa halijoto lazima ishuke mara tano nyingine, hadi kelvini 0.06, mahali ambapo heliamu-3 peke yake haifiki na inabidi kutumia friji ya mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4. Na huko nishati ya joto ni sawa na mikrovolti 5 tu.

Barua ilitoka Ijumaa hiyo jioni, kabla ya stima kupotea jengo zima. Ilikuwa fupi. Upana wa mikromita 0.1, volteji tisa za geti zilizokaribiana, vipimo vya uga pande zote mbili hadi militesla 20, kelvini 0.06, mkondo usizidi pikoampea 50.